Walter Obonyo, Aliyeuliza Kuhusu Boti

"Mheshimiwa, ile boti ya uokoaji uliyoizindua ufuoni mwezi wa nne iko wapi?" Hivyo ndivyo baba yangu, Walter Obonyo, alivyouliza tarehe 6 Juni 2023, kwenye mkutano wa wanahabari ulioitishwa na Mheshimiwa katika hoteli moja ya Milimani, na mpaka leo tunapomzika hakuna aliyemjibu.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1970 karibu na Awasi, mtoto wa tatu wa Mzee Achola na Mama Dorca, akasoma shule ya msingi hapo nyumbani, akamaliza kidato cha nne mwaka 1989, akapata diploma ya uandishi wa habari mwaka 1993, na kuanzia Februari 2001 akawa ripota wa redio moja ya hapa Kisumu. Alimuoa Mama Rachael Nasipwondi tarehe 12 Desemba 1998, wakajaliwa Byron na mimi, Bridget.

Siku ya swali lile Mheshimiwa alicheka, akasema, "Walter, kwani leo hujanywa chai?", na wanahabari wenzake baba, nasema wenzake, wakacheka pia, wakaendelea kuuliza kuhusu ziara za Mheshimiwa. Jioni hiyo walimtoa kwenye grupu lao la WhatsApp, na tarehe 19 Juni mhariri akamwambia arudishe kinasa sauti. Baada ya hapo, kila Jumanne kwa mwaka mzima, alivaa koti, akatoka kwetu Nyamasaria kwa miguu, akasimama nje ya geti la ofisi ya Mheshimiwa na daftari lake, wenzake wakipita kwenye magari wamepandisha vioo, halafu akarudi na kutuambia, "Leo tumeongea sana na vijana wa habari."

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2024, akalazwa mara tatu, akafariki tarehe 3 Februari 2025, saa nne asubuhi, nikiwa nimetoka kumtafutia uji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji na kutupikia, na Bwana Khaemba, mpiga picha, mwanahabari pekee aliyefika wodini. Nyinyi wengine mliojaa hapa mbele na kamera, najua mmemfuata Mheshimiwa, lakini karibuni. Baba, sasa pumzika, keti, hakuna geti la kusimama nje yake.

Wapendwa, karatasi hizo mlizoshika zilichapishwa na ofisi ya Mheshimiwa, na zinasema baba alistaafu. Hakustaafu, alifutwa kazi. Mwenye kalamu, naomba alikate kwa mstari neno hilo "alistaafu", kisha ampe jirani yake kalamu.