Irja Moilanen na Ukurasa wa Majina

Irja Moilanen anastaafu tarehe 31 Desemba 2024, baada ya miaka thelathini na minane na miezi minne ya utumishi katika ofisi ya usharika wa Petäjäselkä. Siku inayofuata usharika wenyewe utaunganishwa na ule wa mjini, na jina letu litabaki kwenye jengo la kanisa na kwenye lango la makaburi tu. Nimeombwa niandike maneno ya kumuaga. Niliolewa Agosti, moyo bado umejaa, na wenzangu wamenionya nisiandike barua ya mapenzi. Nitajaribu, ila mtu mwenyewe anapendeka.

Aliajiriwa Septemba 1986 kama mpiga chapa. Wakati ule waumini walikuwa elfu nne na ushee. Leo hatufiki elfu moja na mia mbili. Amehudumu chini ya wachungaji saba, amewazika wawili, na watatu kati yao aliwafundisha kutumia mashine ya kunakili kwa upole ambao hawakuustahili. Vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko vyote vimepita mikononi mwake. Mwaka huu ameandika maziko thelathini na manne na ndoa moja. Ndoa hiyo ni yangu na Jere, mume wangu (neno hili bado nalisema polepole ili lidumu mdomoni). Irja aliiweka kwenye tovuti pamoja na picha ya maua ya porini aliyoyachuma mwenyewe kando ya ziwa.

Tovuti ndiyo kazi yake kubwa. Mfumo wa kuiendesha ulifika Januari 2009, pamoja na kitabu cha maelekezo chenye kurasa mia tatu na mwaliko wa mafunzo ya siku moja mjini. Asubuhi ya mafunzo basi halikuwaka kwa baridi. Irja alirudi ofisini, akavua viatu, akafungua kompyuta, akaanza kujifundisha mwenyewe.

Alitengeneza tovuti ya usharika ambao haupo duniani. Aliupa mchungaji wa kubuni, kwaya ya watu watatu na ratiba ya ibada za Jumanne. Humo hamkuwa na msomaji ambaye angeumia. Kila siku alijifunza jambo moja tu: leo kuweka picha, kesho kupanga menyu, keshokutwa kurudisha ukurasa alioufuta. Kabla ya kugusa kitu alihifadhi nakala yake, kisha akakiharibu makusudi, akatazama kinavyoharibika, akakitengeneza. Kwenye daftari aliandika upande wa kushoto alichobonyeza, upande wa kulia kilichotokea, kwa maneno yake mwenyewe. Kitabu alikifungua pale tu alipokwama, akasoma ukurasa mmoja, akakifunga.

Wiki ya tatu alikosea. Alidhani yuko kwenye tovuti ya mazoezi, kumbe yuko kwenye ile ya kweli, akaandika: "Jumatano saa saba mchana, kahawa na mikate ya iliki kwa wote wenye nafasi." Akabonyeza kitufe cha kuchapisha, akaenda nyumbani. Jumatano hiyo baridi ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Saa saba kasoro dakika moja watu arobaini na mmoja walikuwa ukumbini, viatu vimepangwa mlangoni, wamekaa kimya wakitazama meza tupu. Robo saa ikapita. Mwishowe Tauno Leinonen, mhudumu wa kanisa na mpiga kengele wetu, alimfuata Irja ofisini.

"Irja, watu wanataka kahawa."

"Nani amesema?"

"Hakuna aliyesema. Ila naona wanavyokaa."

Irja alichemsha maji kwenye masufuria makubwa ya kambi ya kipaimara na kumtuma Tauno dukani akanunue mikate yote iliyopo. Wiki iliyofuata wakarudi bila tangazo. Tumekunywa kahawa hiyo kila Jumatano kwa karibu miaka kumi na sita, na wengi waliokaa siku ile ya kwanza sasa wamo kwenye Ukurasa wa Majina.

Ukurasa huo ndio niliotaka kuufikia. Kila Jumapili majina ya waliofariki husomwa kanisani, na saa sita Irja huyaweka kwenye tovuti, kwa ruhusa ya familia. Wanaoyasubiri zaidi wako mbali: wale waliokwenda Uswidi kufanya kazi viwandani miaka ya sabini wakazeekea huko. Hawatembelei sehemu nyingine yoyote ya tovuti. Wanafungua ukurasa huo mmoja, wanasoma, wanafunga, na wakati mwingine wanapiga simu ofisini wakiuliza kama fulani alikuwa mtoto wa fulani wa kule ng'ambo ya mto. Irja hujua.

Agosti ilikuja barua kutoka mjini. Kurasa za kila kanisa dogo zitafungwa Januari, isipokuwa pale penye wahariri wawili waliofaulu jaribio la mfumo kabla ya Desemba. Wasiwe wa nyumba moja. Irja asingeweza kuwa mmoja wao, hata kwa kujitolea, kwa sababu mwezi huo huo daktari wa macho alimwambia jambo ambalo alikuwa akilijua tangu masika: katikati ya kila anachokitazama kuna doa la kijivu, nalo halitaondoka. Alitusomea barua ya mjini kwa kioo cha kukuzia, akaikunja, akauliza nani atajifunza. Tauno alinyoosha mkono kwa sababu alikuwa amekaa karibu na mlango na aliona haya kutoka. Mimi nilinyoosha kwa sababu nilikuwa bibi harusi wa wiki mbili na niliamini kila kitu kinawezekana.

Hakutufundisha. Alitupa kila mmoja tovuti yake tupu ya mazoezi, akasema tuandike kuhusu kitu tunachokijua kuliko wengine. Mimi niliandika kuhusu Jere, kurasa kumi na moja, na Irja aliniambia kwa utulivu kwamba mhariri mzuri hujua pia kufuta. Tauno aliandika kuhusu kuni zake: za mti gani, zilipasuliwa lini, zimekauka kiasi gani. Wiki mbili za kwanza alilalamika tu.

"Miaka arobaini napiga kengele," alisema, "na haijaniuliza nenosiri hata siku moja."

"Kengele ina kamba moja, Tauno. Hapa una kamba ishirini. Vuta moja, tazama kinachotokea, andika. Ukivuta tatu kwa pamoja hutajua ni ipi iliyoangusha paa."

"Si unionyeshe tu, mama wewe? Dakika mbili."

"Nikikuonyesha utanikumbuka mimi. Kitufe utakisahau."

Oktoba Tauno aliifuta menyu yote. Kurasa za kuni zilikuwepo, lakini hazikuwa na mlango wa kuingilia. Alikaa mbele ya kompyuta siku tatu akikataa msaada, akiitazama tovuti yake kwenye dirisha moja kama msomaji na kwenye dirisha la pili kama mhariri, na siku ya tatu akapata mahali ambapo menyu mpya huunganishwa na kurasa za zamani. Alitoka nje, akasimama kwenye theluji bila kofia, akarudi na kusema kwamba imekaa sawa. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake kubwa kuliko zote nilizowahi kuziona.

Tarehe 29 Novemba tulifanya jaribio. Mimi nilipata alama za kutosha. Tauno alinishinda kwa mbali. Irja alituandalia uji wa ngano na siagi, na kwa mara ya kwanza tangu masika nilimwona amelegeza mabega. Ukurasa ulikuwa umepona.

Alhamisi iliyofuata, Tauno alianguka akisukuma theluji mbele ya mlango wa kanisa. Ilikuwa asubuhi, na aliyemkuta ni mtu wa kuleta magazeti. Tauno alikuwa na miaka sitini na mitano.

Dada yake alitoa ruhusa kwa simu. Jumapili, tarehe 8, baada ya ibada, nilikaa ofisini kuweka majina ya wiki, na lilikuwa moja tu. Nilifungua tovuti ya mazoezi kwanza, kama tulivyozoea, ili kulijaribu hapo. Irja alikuwa amekaa nyuma yangu. Haoni maandishi ya skrini tena, lakini alijua nilipo kwa idadi ya mibofyo.

"Huyu usimfanyie mazoezi," alisema.

Nikafungua ile ya kweli, nikaandika jina, mwaka wa kuzaliwa na kijiji. Nikachapisha. Kabla ya jioni simu zilikuwa zimepigwa sita kutoka Uswidi, zote zikiuliza kama ni Tauno yule wa kengele.

Sasa amebaki mhariri mmoja. Niliwaandikia watu wa mjini, wakajibu kwa adabu kwamba wanasikitika na kwamba wanatupa hadi tarehe 31 Januari kumpata wa pili. Jere angekubali kesho, lakini tunaishi nyumba moja, na sitahama kwa mume wangu hata kwa ajili ya usharika. Kwa hiyo naandika hapa, kwenye jarida ambalo nyote mnalisoma hadi mwisho kwa sababu ratiba ya kahawa iko ukurasa wa nyuma: tunahitaji mtu mmoja. Huhitaji kujua chochote. Tovuti tupu ya mazoezi ipo, daftari la Irja lipo, na jambo moja kwa siku linatosha kwa muda uliobaki. Ukiharibu, hakuna atakayeumia. Mpaka leo ninapoandika, hakuna aliyekuja.

Irja tutamuaga Jumatano tarehe 18, saa saba. Amesema hataki zawadi wala hotuba, na kwamba mikate ataoka mwenyewe kwa kuwa iliki haihitaji macho.

Irja, asante kwa barua zote ulizozirekebisha bila kutuaibisha, kwa masufuria ya kahawa, kwa kujua mtoto wa nani ni nani. Asante kwa kunikalisha mbele ya kitu nisichokijua na kuniacha nacho. Pumzika, lala asubuhi, mwache mwingine apokee simu za ofisini. Jumapili saa sita nitakupigia nikusomee majina. Januari nitayasoma kutoka kwenye ukurasa wako. Februari sijui nitayasoma kutoka wapi, lakini nitapiga.

Saija Heikura, ofisi ya usharika