Sajini wa Ndoo ya Chambo

Ilipogonga saa nane mchana, mji mzima wa Goya, kando ya mto, ulikuwa umefunga milango na kulala usingizi wa mchana, isipokuwa benchi la mbele ya duka la chambo. Walioketi hapo walikuwa watatu, lakini mwenye haja alikuwa mmoja: Wenceslao Romero, ambaye kijiwe kilimbandika jina la Kaburi kwa sababu kila samaki mdogo aliyemtia ndoanani alikufa kabla kambare hajamwona. Miaka kumi na mmoja ya mashindano ya surubí, yule kambare mkubwa mwenye madoa, na Kaburi hajapata hata mmoja. Asubuhi hiyo Herminia, mwenye boti, alikuwa amempa sharti: achague chambo chenye roho ngumu, la sivyo kesho atabaki kambini kupika. Basi ndoo ilikuwa miguuni pake, na ndani yake samaki watatu wa kujaribia, kila mmoja wa aina yake. Kando yake Nicanor, aitwaye Daktari kwa kuwa aliwahi kuosha chupa hospitalini, alikuwa akimimina tereré: majani ya chai ya kwao, maji ya barafu na limau, kikombe kimoja, mrija mmoja, kwa zamu. Aliyetosheka husema “asante”. Kabla ya hapo neno hilo halitamkwi.

— Chukua mojarra, alisema Redio, ambaye hakuwahi kunyamaza tangu abatizwe. Si unaona anavyong'aa kama kijiko? Kambare anamwona toka Paraguay.

— Kambare haoni, we! Anasikia kwa masharubu. Hapa anatakiwa mvumilivu. Hebu nimpime.

Kabla hajazuiwa, Daktari akamimina nusu jagi ndooni, barafu, limau na yote. Mojarra akageuza tumbo juu.

— Umemuua!

— Nimemchunguza, Kaburi. Tofautisha.

— Tatizo si baridi, jamani, Redio akadakia. Chambo kinakufa kwa upweke. Morena huyu mwembamba anataka muziki tu.

Akaiweka simu kwenye ukingo wa ndoo, kodiani ikapasua mchana. Morena akaruka juu, akatua barabarani, na mbwa wa muuza chambo hakupoteza muda.

— Amecheza! Mmeona? Amecheza!

— Amemalizia tumboni mwa mbwa, pumbavu wewe!

Kaburi akainama kuiokoa ndoo, akaipiga teke mwenyewe. Maji yakamwagika, na pamoja nayo cascarudo, samaki mfupi, mweusi, aliyevaa mabamba mwili mzima. Alilala kidogo juani. Kisha akajiinua kwa mapezi yake kama kwa viwiko, akaanza kuvuka sakafu taratibu, kama mtu anayekwenda ofisini kulalamika. Mbwa akamnusa, akarudi nyuma; wote watatu wakainua miguu kumpisha.

— Dakika ishirini na mbili, Daktari alisema hatimaye, macho kwenye saa. Ana mapafu mawili, moja la akiba.

— Wapi! Redio akapinga. Huyu alishakufa zamani, hii ni mara yake ya pili. Babu yangu alimsahau mmoja mfukoni mwa koti la harusi. Akaoa, akaenda fungate, akarudi: jamaa anamkodolea macho!

— Bibi yako alisemaje?

— Alisema, “Huyo ndiye mwanamume.”

Walicheka hadi benchi likalia. Kaburi, machozi yakimtoka, alijaza ndoo maji safi na kumrudisha samaki kwa viganja viwili. Samaki akachezesha masharubu, akamtazama.

— Huyu ni Sajini, alisema Kaburi.

— Sajini! wakaitika, wakapiga saluti.

Hapo ndipo Herminia alipofika, kamba ya boti begani.

— Haya, Kaburi, umempata?

— Nimempata, dada! Barafu, jua, sakafu, hata mbwa kamnusa akarudi nyuma. Huyu hafi!

— Safi. Sasa kesho, nani anamtoboa mgongo na ndoana?

Daktari akalichungulia jagi, lililokuwa limebaki na ganda la limau. Redio akaizima simu, kodiani ikakatika. Ndooni, Sajini akatoa povu moja.

Zamu ilikuwa ya Kaburi. Alivuta mpaka mrija ukakoroma, akakirudisha kikombe mkononi mwa Daktari.

— Asante, alisema.

Kisha akamgeukia Herminia:

— Huko kambini mnapenda wali au tambi?