Mama Apollinarie na Miyenzi ya Deviasyo

Wasikilizaji wapendwa, tulizeni kidogo sufuria na vijiko. Jioni hii tunamkumbuka Mama Apollinarie Ninahazwe, aliyelala katika Bwana siku ya Jumatatu. Apollinarie, mjane, muuza mawese. Apollinarie aliyetoa makamyo, yale malori, sokoni.

Wengi mnaijua ile senta ya mawese, chini ya Bwegera. Kabla ya vita ilikuwa nyumba kumi na moja na kinu kimoja cha kukamulia. Vita vikashusha watu kutoka milimani, kila mmoja akitafuta kazi kwenye mawese. Ndani ya miaka miwili vinu vikawa ishirini. Makamyo yakaja kupakia, na njia ilikuwa moja tu: katikati ya soko, mbele ya magoti ya akina mama wanaouza ndagala, wale dagaa wa ziwani.

Mwaka wa tisini na tisa, kamyo moja ilirudi nyuma bila kuangalia. Ikamkanyaga Keza. Keza alikuwa na miaka sita. Alikuwa mtoto wa Consolate, wifi yake Apollinarie.

Consolate anasema: "Tulipotoka kuzika, aliniambia, 'Wifi, makamyo itazunguka. Kama serikali haiko, majembe iko.'"

Chef, mkuu wa kijiji, akataka aonyeshwe kwanza hiyo deviasyo, njia ya kuzunguka soko, itapita wapi. Apollinarie akatafuta vijiti vya kuweka alama. Hakupata. Wakimbizi walikuwa wameshachoma kila kijiti. Ilibaki miyenzi tu, ile minyaa ya kupandia ua, kwa kuwa maziwa yake yanaunguza macho. Basi akakata miyenzi, akaichomeka mmoja mmoja, kuzunguka senta nzima.

Hapo ndipo alipokosea, wasikilizaji wapendwa. Mvua ilinyesha wiki tatu. Miyenzi ikashika, ikachipua. Na sisi sote tunajua, kwetu miyenzi ni mpaka. Anayepanda miyenzi anasema: hapa ni kwangu.

Mathieu Nizigama, mlimaji wa mpunga, akafika na panga.

"Ni nani ananipandia lupango ya miyenzi mu shamba yangu? Mama Apollinarie, kumbe weye unataka kunioa, shamba yangu ikuwe mahari?"

Wanawake waliokuwapo wakacheka. Apollinarie naye akacheka. "Minye nimeisha kuzeeka, Baba. Na weye haujue hata kusonga bugali."

Mathieu hakucheka. Aling'oa miyenzi yote iliyokuwa kwake, akaitupa. "Pitisha kwako!"

Apollinarie aliutazama mpunga wake, ng'ambo ya mfereji. Kipande kimoja tu, ndio kwanza kinaanza kubeba masuke. Ndicho kilikuwa chakula chake cha mwaka. Akafanya ishara ya msalaba. Akaokota miyenzi ile ile, akaenda kuichomeka katikati ya mpunga wake mwenyewe.

Jumamosi, siku ya salongo, ile kazi ya wote, alianza kuchimba njia peke yake. Jumamosi ya pili walikuwa wanawake tisa. Jumamosi ya tatu akatokea Mathieu, jembe begani.

"Nilimuona anakata mpunga mubichi," anasema Mathieu. "Nikamwambia, Mama, acha ile imebakia ikomae. Njia ipite kwangu."

Miezi minne, kwa majembe na vikapu, njia ikaisha. Kamyo ya kwanza ilipofika, dereva aliuliza: "Iyi deviasyo inaitwa je?"

"Iko ya Keza," akajibu Apollinarie. Na mpaka leo madereva wanasema: tupite ku Keza.

Jumatano, siku ya mazishi, watu walitaka jeneza lipite kwenye njia aliyoijenga. Consolate akakataa. "Hapana. Tumupitishe mu soko."

Likapita katikati ya soko, polepole. Watoto walikuwa wamekaa njiani, pale pale makamyo yalipopita zamani, wanacheza mawe. Wakasogea, likapita, wakarudi kukaa.

Kwa Consolate na familia yote ya Ninahazwe, poleni sana. Mungu awafute machozi. Na sisi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, kabla ya kufumba macho leo, kila mmoja ajiulize: miyenzi yangu nimeichomeka mu shamba ya nani?