Siku Laidlaw Alipomtoa Dinny Uwanjani

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa Haldane, nanyi wageni mliotoka Sable Falls, nimesimama hapa mimi Anatole Gaudreau, kaka wa mjane na golikipa wa zamani wa timu ya marehemu, kuwasomea maisha ya shemeji yangu kwa niaba ya familia, na mnivumilie, kwani mtu huyu nilimpenda na kumnunia kwa wakati mmoja.

Marehemu Eldon Laidlaw alizaliwa tarehe 14 Februari 1868 mjini Perth, Ontario, akiwa mtoto wa tano wa Bwana Archibald na Bibi Euphemia Laidlaw, akasoma shule ya hapo hapo Perth tangu mwaka 1874 hadi 1881, baba yake alipofariki, ndipo akaacha masomo na kuingia kazi ya kukata barafu ziwani kwa msumeno, kazi ambayo hakuiacha mpaka alipougua.

Mwaka 1893 alihamia hapa Haldane akafungua ghala lake la barafu, na tarehe 6 Juni 1896 akafunga ndoa na dada yangu Philomène, ndoa ambayo marehemu mama yetu aliipinga mwezi mzima, akisema, “Muuza barafu! Kiangazi mtakula nini, maji?”, lakini Mungu aliwajalia binti yao Cécile, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1898, ambaye leo ni mwalimu.

Mwaka 1901 alijenga uwanja wa barafu wenye paa la mbao, na Desemba 1904 akaanzisha timu ya mpira wa magongo wa barafuni, mwenye timu yeye, meneja yeye, mmwaga maji ya kugandisha uwanja yeye, akawa wa kwanza wilayani kutangaza hadharani kwamba wachezaji wake wanalipwa mshahara, jambo ambalo wenzake walilifanya kwa kificho, na mchungaji alipomsema kanisani alimngoja mlangoni akamwuliza, “Mbona na wewe unalipwa kwa kuhubiri?”

Sasa nifike pale ambapo mnajua lazima nifike. Tarehe 23 Februari 1907 tulicheza na Sable Falls kugombea kikombe cha wilaya, saba kwa saba, bila wachezaji wa akiba, na enzi hizo mtu wa upande mmoja akiumia asiweze kurudi, upande wa pili nao ulimtoa mtu mmoja, yeyote ambaye meneja wake angemchagua, basi tukiwa tunaongoza manne kwa matatu, zimebaki dakika kumi, mchezaji wao hodari Lorne Bickerstaff akavunjika mtulinga, mfupa wa begani, nasi sote tukamgeukia Alfie Stubbs, mzito na dhaifu kuliko sote, ambaye mwenyewe alikwisha kuanza kulegeza kamba za viatu.

“Alfie, funga viatu,” marehemu akasema. “Dinny, toka wewe.”

Dinny Shanahan, aliyefunga mabao yote manne! “Bosi, umepandwa na wazimu?” akauliza, naye akajibu, “Wao wamempoteza wa kwanza wao, na sisi tunamtoa wa kwanza wetu.”

Tukafungwa matano kwa manne. Mji ukamgeuka, madirisha ya ghala yakapigwa mawe, dada yangu akapewa mgongo sokoni, timu ikafa mwaka 1909, lakini kila Desemba marehemu aliendelea kumwaga maji uwanjani ili watoto wa wale wale waliomtukana wapate pa kutelezea. Na mimi, jamani, nilizunguka miaka ishirini nikisema shemeji ndiye aliyetupotezea kikombe, huku nikijua kwamba bao la tano lilipita katikati ya miguu yangu, tena polepole, hata bibi yangu angelizuia. Nilimwachia mzigo wangu aubebe. Naona aibu.

Mwezi Januari mwaka huu wa 1927 aliugua homa ya mapafu, akatibiwa nyumbani na Daktari Pettigrew, na tarehe 7 Machi alinishika mkono akaniuliza, “Anatole, niambie kweli, nilikosea?”, nami kwa woga nikamwambia, “Lala, shemeji.” Alifariki tarehe 9 Machi, saa nne asubuhi, bila kupata jibu.

Familia inawashukuru Daktari Pettigrew, majirani waliowasha moto siku mbili juu ya ardhi iliyoganda ili kaburi lichimbike, na wakata barafu wote wa ghalani.

Maneno yanayofuata nimeyaandika kwa penseli sasa hivi, hapo benchini. Asubuhi ya leo, tukijiandaa kumtoa nyumbani, walifika wanaume wanne wa Sable Falls ambao hakuna aliyewaita, wakaomba kushika upande mmoja wa jeneza, na upande wetu tulikuwa watatu tu wa timu ile, kwa kuwa wengine walihama mji na Dinny alifia vitani mwaka 1917. Mmoja wao, mwenye bega lililoinama, alituhesabu, akavaa tena glavu zake, akarudi nyuma.

“Ninyi bebeni,” Lorne Bickerstaff akawaambia wenzake. “Wao hawana Dinny.”

Tukakubeba watatu kwa watatu. Hukukosea, shemeji. Nasema mbele ya mji mzima, hukukosea, na bao lile lilikuwa langu.

Sasa lala kwa amani.