Shukrani kwa Waliokata Picha ya Mashua

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Kamati ya Maonyesho, Mwalimu Mkuu, wazazi, ndugu wageni waalikwa, na wanafunzi wenzangu mnaoniita Bubu, habari za asubuhi.

Nimepewa kazi ya kutoa shukrani kwa niaba ya bibi yangu, aliyewaazima picha hizi za kale za mashua za matanga, zilizopigwa na baba yake. Nitashukuru. Naomba tu mnivumilie, maana sijazoea kusema mbele ya watu.

Kwanza naishukuru kamati kwa fremu. Ni nzuri, zinang'aa, na zote ni ndogo, za saizi moja. Picha hazikuwa za saizi moja. Je, kamati ilikata tamaa? La, ilikata picha.

Tazameni ile ya katikati ya ukuta. Mnaona mashua yenye ukungu, imejaa fremu nzima. Chini yake pameandikwa kwamba haikutoka vizuri kwa sababu ya uduni wa kamera za zamani. Mimi nimekua nikiitazama picha hiyo juu ya kabati la bibi. Mashua ilikuwa ndogo, juu kabisa, pembeni kulia. Katikati palikuwa na maji matupu, ya kijivu, mengi mno, hadi unajisikia mpweke ukiyatazama. Na chini kushoto, kwenye gati, alisimama mwanamke aliyetugeuzia mgongo. Huyo ni mama yake bibi, akimsindikiza mwanawe wa kwanza, ambaye hakurudi tena. Mpiga picha alikuwa mumewe.

Kamera za wakati ule zilichukua muda kushika picha. Kilichosogea kilitoka na ukungu. Kilichotulia kilitoka wazi. Mashua ilikuwa inaondoka. Mama hakutikisika, akatoka wazi hadi mshono wa nguo yake ulionekana. Basi kamati imetuhifadhia ukungu, ikakitupa kilicho wazi.

Jana bibi alipokuja kuona, aliuliza, "Mama yangu yuko wapi?"

Katibu wa kamati akacheka kwa upole. "Bibi, tumeondoa nafasi tupu tu. Si unaona mashua ilivyopendeza sasa?"

"Kwa hiyo mama ndiye nafasi tupu, mwanangu?"

Fundi wa fremu, ambaye namshukuru kweli kwa kutoficha, alijikuna kichwa. "Mama, niliambiwa zienee kwenye fremu, nikakata. Vipande vilifagiliwa."

Ndugu wageni waalikwa, hakuna picha nyingine ya mama huyo. Hata hii haikuwa na uso wake. Bibi alibakiwa na mgongo wa mama yake tu, naye akautoa, kwa sababu Mwenyekiti alikuja nyumbani, akanywa chai yetu, akaahidi kuutunza kama mboni ya jicho lake. Ningependa kujua, Mwenyekiti, jicho lako hulitunza kwa mkasi?

Ratiba inasema baada yangu ni makofi, kisha picha ya pamoja. Bibi amesema hatapigwa picha. Anataka zake zishuke ukutani, zote, sasa hivi, wageni wakiwa bado wameketi. Fundi, tafadhali lete ngazi. Mimi nitazipokea huku chini.

Nawashukuru kwa kunivumilia mpaka hapa. Makofi msipige.