Pantaleo Bujiku, Mjenzi wa Sanamu ya Malenga

Enyi watu wa Mungu, nyamazeni, tegeni masikio, maana nitakayoyasema mbele ya jeneza hili yananihukumu kwanza mimi, Herman Bujiku, kaka wa marehemu.

Ndugu yetu Pantaleo alizaliwa Ushirombo tarehe 12 Mei 1903, akabatizwa misioni, akasoma hapo kuanzia mwaka 1913 hadi 1917, akajifunza uashi, na mwaka 1938 akaenda Geita kujenga nyumba za wachimba dhahabu, ambako vumbi lilianza kumkaa kifuani. Tarehe 14 Septemba 1929 alikuwa amefunga ndoa na Euphrasia, Mungu akawajalia watoto watano, na wanne tunao hapa.

Mwaka 1952 wazee wa Kahama walimwita asimamishe katika uwanja wa soko sanamu ya saruji ya malenga Ngassa, mtunzi wa kale wa nyimbo za jembe, na kwa kuwa hakuna aliye hai aliyemwona malenga huyo, Pantaleo alimpa uso wa mtu aliyemheshimu kuliko wote, yaani uso wangu. Nami, niliposikia wauza mchele wakiiamkia sanamu kwa kicheko, "Shikamoo Mzee Herman, mbona huitikii?", nilipandwa na ghadhabu, nikatangaza kwamba ndugu yangu ameufunga uso wangu katika jiwe ili nife, nikamwita mchawi hadharani, na kwa miaka mitatu sikukanyaga kwake, huku nikipiga magoti kanisani kila Jumapili kana kwamba Bwana haoni.

Mwishoni mwa Novemba 1955 kifua kilimzidi, akamtuma binti yake Esta, naye akaniambia, "Baba mkubwa, baba anasema kama sanamu inakuua, chukua nyundo ukaivunje, ila uje." Nilivunjika mimi. Nilikwenda, nikakiri mbele ya jirani wale wale waliosikia matusi yangu, tukachukua maji kinywani kama wazee wetu walivyofanya, tukayatema chini pamoja na uchungu wote, tukala ugali sahani moja. Alishusha pumzi, nasi sote tukashusha, nikamlisha kwa mkono wangu hadi Jumamosi tarehe 3 Machi 1956, saa tatu asubuhi, alipolala akiwa amepakwa mafuta matakatifu, bila kinyongo na mtu.

Tunamshukuru daktari na wauguzi, jirani waliotuchotea maji na kutukatia kuni, na waashi wenzake waliolijenga kaburi hili bila kuitwa.

Pantaleo, lala katika amani ile uliyonirudishia. Na wewe unayebadili njia ili usikutane na ndugu yako, usingoje kumwomba radhi akiwa ndani ya jeneza, mimi nilibakiziwa miezi mitatu, wewe hujui umebakiziwa nini: ukitoka makaburini hapa, nenda kwake, leo, kabla jua halijazama.