Macho ya Waitara

Kijiwe kipo Sirari, ubavuni mwa stoo ya saruji, jirani na malori yanayosubiri kuvuka kwenda Isebania, upande wa Kenya. Benchi ni lile lile, ila kahawa siku hizi inatoka kwenye chupa ya chai ya Heche, kwa sababu Waitara muuza kahawa aliungua na nyumba yake mwezi uliopita, na picha zake zote zikateketea humo humo. Heche, mmoja wa wazee wa kijiwe, ndiye aliyeomba achorwe ukutani, asipotee hivi hivi. Joel mchoraji alikuwa amemaliza birika, mikono, kidevu na ile kofia. Yalibaki macho, na mjane wake, Ghati, alikuwa njiani kutoka Nyamwaga kuja kumwona mumewe.

– Wazee, nipeni macho – Joel alisema juu ya ngazi. – Yalikuwaje?

– Makubwa – alijibu Wakala, mgomboa mizigo wa mpakani.

– Acha hizo, mura! – alidakia Chenji, mbadilisha fedha. – Madogo. Moshi wote ule wa mkaa, macho yabaki makubwa?

– Mama yake wa Isebania. Wa kule wana macho makubwa.

– Nani kakwambia?

– Si alikuwa anaongea Kikenya Kikenya?

Chenji akashusha sauti.

– Mimi naona yule hakuwa muuza kahawa. Alikuwa mtu wa usalama. Kofia mpaka kwenye nyusi, jua lisiwepo, mvua isiwepo! Alikuwa anatusoma.

– Basi hata kuungua hakuungua – Wakala akaongeza. – Wamemhamisha tu. Yuko Mbalibali anachunga ng'ombe.

– Wakala! – Heche aling'aka. – Jeneza lake nimelibeba kwa bega hili.

Heche akafungua simu yake, akapekua picha za kijiwe kwa mara nyingine: Wakala na pikipiki mpya, Chenji ndani ya suti ya harusi, yeye mwenyewe na mjukuu. Waitara hakuwemo hata katika moja. Kila asubuhi alipokea kikombe mkononi mwa mtu yule, na leo hakumbuki macho yake yalikuwaje. Moyo ulimuuma kweli kweli.

Bodaboda ikamshusha Ghati.

– Shikamoo mama – Joel aliwahi.

– Marahaba. Poleni na kazi.

– Karibu, shemeji – Heche alisema.

Ghati aliutazama ukuta kwa muda mrefu. Heche, kwa aibu, akampa simu, angalau aone alipokuwa anashinda mumewe. Mama wa watu akazipitia picha moja moja.

– Hizi alipiga nani?

– Yeye. Tulikuwa tunampa simu, anatupiga picha.

– Na hakuna aliyewahi kumwambia, «Lete simu, Waitara, na wewe kaa»?

Wakala aligeukia malori. Chenji aliinamia viatu vyake. Joel akashuka kwenye ngazi, akafunika kopo la rangi.

Heche aliinua chupa ili ammiminie shemeji kahawa. Ilikuwa imekwisha.